Waipa zinasimama katikati ya kioo nikizima: ni mota kweli, au napigwa?

#1 Kipanga77
Wakuu, habari.

Gari langu lina shida ya waipa za mbele. Spidi ndogo zinapiga vizuri, spidi kubwa zinapiga vizuri. Shida inakuja nikizizima: zinasimama hapo hapo zilipo, hata kama ni katikati ya kioo, mbele ya macho yangu kabisa. Inabidi nivizie zikiwa zinashuka ndipo nizime. Ile ya kupiga kwa vipindi nayo imekufa. Nikiiweka, bledi zinajongea kama upana wa kiganja, zinasimama, baada ya muda zinajongea tena kidogo. Nikivuta mkono wa maji, maji yanaruka kama kawaida na waipa zinapiga, ila nikiachia tu zinagoma pale pale.

Fundi kaangalia dakika chache, kasema mota imekufa, ninunue nyingine. Mimi si fundi, lakini mota inayozunguka kwa spidi zote mbili imekufaje? Nataka nielewe umeme wa waipa unavyokwenda kabla sijatoa hela. Mnaojua, tiririkeni.

#2 Nondo
Ni mota hiyo. Nunua, funga, endelea na safari.

#3 Bi Tochi
Nondo, taratibu. Kipanga kaeleza vizuri kuliko wateja wengi ninaowapokea, na hayo matatu aliyotaja yanatoka sehemu moja.

Mota ya waipa ina njia mbili za kupata umeme. Ya kwanza inapitia swichi ya usukani, hiyo unayoishika kwa mkono. Ya pili inapitia swichi ndogo iliyofichwa ndani ya mota, chini ya kifuniko cha gia. Ukifungua utaona gia kubwa ya plastiki, juu yake imebandikwa sahani ya shaba, na vijiti vyembamba vya chuma vimeegemea ile sahani na kuisugua inapozunguka. Sahani imeachwa pengo mahali pamoja. Bledi zikiwa popote kwenye kioo, kijiti kinagusa shaba na umeme unapita. Zikifika chini, kijiti kinaangukia kwenye pengo na umeme unakatika.

Kwa hiyo ukizima, njia ya kwanza inakatika papo hapo, ya pili inaendelea kuilisha mota mpaka bledi zilale. Hiyo ndiyo swichi ya kupaki. Kwako njia ya pili haipo, ndiyo maana zinafia pale ulipozimia.

Ile ya vipindi nayo inategemea njia hiyo hiyo. Rilei, swichi ndogo inayoendeshwa na umeme, inaipa mota umeme kwa muda mfupi tu, wa kuitoa kwenye pengo, kisha swichi ya kupaki inapokea na kumalizia mzunguko. Kwako rilei inasukuma, hakuna anayepokea. Kiganja kimoja, kimya. Na ya maji ni hivyo hivyo.

Sasa njia hiyo imekatikia wapi, ndilo swali. Inaweza kuwa ndani ya mota, inaweza kuwa nje kabisa.

#4 Grisi Nyeusi
Mimi nasema ethi, ile njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bodi ya gari. Fungua bolti zinazoshika mota kwenye bodi, piga msasa mpaka chuma kiwe cheupe, rudisha, kaza. Usinunue kitu.

#5 Ampia Tano
Grisi Nyeusi kila uzi kwako ni ethi, hata mtu akiuliza tairi.

Ethi ya mota ikiwa mbovu waipa zingejikokota kwenye spidi zote mbili, kwa sababu umeme wote wa mota unarudia hapo. Mleta mada kasema spidi ziko vizuri.

Bi Tochi nakukubali, ila umeacha nusu ya kazi ya lile pengo. Kukata umeme peke yake hakutoshi. Mota ina kasi yake, ukiikatia umeme inaserereka kidogo. Ingeserereka mpaka ikavuka pengo, ikagusa shaba tena, ikapiga mzunguko mwingine, na mwingine, bila mwisho. Kwa hiyo kijiti kinapofika kwenye pengo, swichi ya kupaki inahama: inaacha waya wa moto, inagusa ethi. Hapo kaboni zote mbili za spidi ndogo, vile vipande vya makaa vinavyoingiza umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka, zinakuwa zimeunganishwa pamoja. Mota bado inazunguka, sasa inazalisha umeme wake yenyewe, na umeme huo unaikaba mota ileile. Inasimama ghafla, bila breki yoyote ya chuma.

Anayebisha achukue kamota kadogo kokote ka sumaku, hata ka toi la mtoto. Azungushe ekseli yake kwa vidole, nyaya zikiwa huru: inateleza. Agusanishe nyaya mbili, azungushe tena. Atasikia vidoleni inavyokuwa nzito.

Ethi ya upande wa kupaki ikifa, dalili yake ni waipa zisizotaka kusimama. Zinafika chini, zinapita, zinapanda tena. Za Kipanga ni kinyume chake.

#6 Grisi Nyeusi
Ampia, hayo yote ni kwenye magari ambayo swichi ya usukani inakata upande wa moto. Yapo magari ambayo mota ina moto muda wote ukifungua switchi ya gari, na swichi ya usukani inakata na kuunga ETHI. Kwenye hayo, njia ya kupaki nayo inatafuta ethi. Ethi hiyo ikikatika, spidi zote mbili zinapiga kwa sababu zinapata ethi kupitia swichi ya usukani, lakini kupaki hakuna. Dalili ni hizi hizi za Kipanga. Kwa hiyo usinifute mapema.

#7 Ampia Tano
Hilo kweli lipo. Basi kwanza tujue gari lake ni la aina gani ya waya. Kipanga, soketi ya mota ina nyaya ngapi?

#8 Msomaji Kimya
Samahani nadandia. Hizi spidi mbili zinatokeaje wakati mota ni moja na betri ni ile ile? Kuna rezista kama ya feni ya dashibodi?

#9 Kifaru
Ndiyo, rezista. Spidi ndogo inapita kwenye rezista, kubwa inakwenda moja kwa moja. Umeme wa DC hauna njia nyingine.

#10 Bi Tochi
Hapana Kifaru. Mota za sumaku za waipa zina kaboni tatu. Mbili zinatazamana, nyuzi 180, na hizo ndizo za spidi ndogo. Ya tatu imewekwa pembeni kidogo, haitazamani na mwenzake sawasawa. Ukihamishia umeme kwenye kaboni hiyo ya tatu, koili zinazokuwa kati ya kaboni na kaboni zinapungua.

Mota yoyote ikizunguka inazalisha volti zake zinazopingana na za betri. Koili zikiwa chache, upinzani huo ni mdogo, kwa hiyo mota inabidi izunguke haraka zaidi ndipo ifikie usawa na betri. Hiyo ndiyo spidi kubwa. Hakuna joto la rezista linalopotea bure. Bei yake ni kwamba inakula ampia zaidi na nguvu ya kusukuma inapungua. Ndiyo maana kioo kikiwa na tope zito, spidi ndogo inavumilia kuliko kubwa.

#11 Kifaru
Bi Tochi, kuna mota za zamani ambazo hazina sumaku, zina koili ya nje. Hizo rezista zipo, nimezishika kwa mikono yangu. Kwa hiyo nilichosema kina msingi.

#12 Bi Tochi
Zipo, nakubali, ila hata kwenye hizo rezista haipunguzi spidi, inaiongeza. Inawekwa kwenye koili ya nje, sumaku yake inadhoofu, mota inakimbia zaidi. Umeme ukiiruka rezista ile, waipa zinarudi polepole. Watu wengi wanaichukulia kinyume.

#13 Mzee Kurunzi
Vijana mnanikumbusha mbali. Kabla ya hizi mota kuenea kila mahali, magari mengi ya Marekani yalikuwa na waipa za upepo: zinavutwa na mvuto wa hewa wa injini yenyewe. Ukikanyaga mafuta kupanda mlima, mvuto unapungua na waipa zinalala. Pale ambapo mvua inapiga na lori liko mbele yako unataka kulipita, ndipo zinapokusaliti. Bosch walitoa waipa ya umeme mwaka 1926, lakini za upepo ziliendelea kuonekana miaka mingi baadaye.

Na ya kwanza iliyofanya kazi kupewa hataza, yaani haki ya mvumbuzi, inatajwa kuwa ya mwanamke, Mary Anderson, Marekani, mwaka 1903. Ilikuwa ya mkono: dereva anavuta wenzo ndani, mpira unafuta kioo nje. Muda wa hataza uliisha bila kumwingizia chochote.

#14 Njiwa Manga
Shikamoo mzee. Na hii ya vipindi ilikuja lini? Ndiyo ninayoipenda kuliko zote, mvua ya rasharasha bila hiyo ni kero.

#15 Mzee Kurunzi
Marahaba binti. Hiyo ina kesi yake. Robert Kearns, mhandisi wa Marekani, alipeleka maombi ya hataza 1964. Jicho lake moja liliumizwa na kizibo cha shampeni usiku wa harusi yake, 1953, akawa anafikiria jinsi kope inavyofumba na kufumbua, ikipumzika katikati. Akajiuliza kwa nini waipa isifanye vile. Akatumia transista, rezista na kapasita: kapasita inajaa umeme polepole kupitia rezista, ikifika kiwango fulani transista inafungua, waipa inapiga mara moja, kapasita inaanza kujaa upya. Ukiwa na rezista ya kuzungushwa, unaamua mwenyewe ikae muda gani kati ya pigo na pigo.

Aliwaonyesha Ford. Baadaye waipa za vipindi zikatoka kwenye magari yao bila yeye. Alifungua kesi 1978, ikafika 1990 ndipo Ford wakamlipa dola milioni 10.2. Chrysler nao aliwashinda mahakamani. Sehemu kubwa ya kesi hizo alijisimamia mwenyewe, bila wakili. Utetezi wa makampuni ulikuwa kwamba vifaa vyote alivyotumia vilikuwepo tayari. Yeye akisema kwamba kupanga vitu vilivyopo kwa namna ambayo hakuna aliyeipanga ndiko kuvumbua kwenyewe. Mimi niko upande wake mpaka leo.

#16 Kifaru
Mzee, Ford wanasema wahandisi wao walikuwa wanaifanyia kazi tayari. Na baraza la mahakama lilisema hataza ilivunjwa lakini si kwa makusudi. Tusimfanye malaika.

#17 Nondo
Turudini kwenye mada. Waipa za Kipanga bado ziko katikati ya kioo.

#18 Kipanga77
Ahsanteni, nimejifunza mengi. Ampia Tano, soketi ina nyaya tano. Nimepima kwa multimita, switchi ya gari imefunguliwa, waipa zimezimwa na bledi ziko katikati. Waya mmoja una volti 12.4. Mwingine umeonyesha ethi. Watatu waliobaki, sifuri.

#19 Ampia Tano
Safi. Nyaya tano: spidi ndogo, spidi kubwa, moto wa kupaki, waya wa kurudi kwenye swichi, na ethi. Kama gari ni la Ulaya au limefuata mtindo wao, utakuta namba zimeandikwa kwenye soketi: 53 spidi ndogo, 53b spidi kubwa, 53a moto wa kupaki, 53e wa kurudi, 31 ethi. Pampu ya maji ni 53c, ila hiyo haiko kwenye mota.

Grisi Nyeusi, ameona moto wakati waipa zimezimwa na ethi iko peke yake kwenye soketi. Hili ni gari la kukata moto. Hoja yako imebaki na mguu mmoja.

#20 Grisi Nyeusi
Gari la kukata ethi nalo lina waya wa moto muda wote. Kupima waya kuwa na moto hakujathibitisha chochote. Mwambie awashe spidi ndogo aone waya gani unabadilika.

#21 Waya Mwekundu
Kipanga, swali moja kabla watu hawajagombana: ulipopima, soketi ilikuwa imechomolewa au iko mahali pake?

#22 Kipanga77
Imechomolewa.

#23 Waya Mwekundu
Basi ile sifuri ya waya wa kurudi haina maana. Moto wa kupaki unaingia ndani ya mota, unapita kwenye sahani ya shaba, unatoka kwa waya wa kurudi. Ukichomoa soketi umekata njia yenyewe. Irudishe, pima kwa nyuma ya soketi kwa pini nyembamba, bledi zikiwa katikati. Waya wa kurudi ukiwa na volti 12, mota haina kosa na ubovu uko mbele: swichi ya usukani au rilei. Ukiwa sifuri, ni ndani ya mota.

Jambo la pili, muhimu kuliko yote: acha multimita, tumia taa ya majaribio yenye balbu. Multimita haivuti umeme wowote wa maana. Waya uliooza ukabaki na uzi mmoja wa shaba utakuonyesha 12.4 kama mzima. Ukiuwekea mzigo wa ampia tatu nne unaanguka. Balbu ikiwaka hafifu umeshamjua mwizi.

#24 Bi Tochi
Nakazia hilo la balbu.

Na msisahau swichi ya usukani. Ukiiweka kwenye kuzima, watu wanadhani imekata kila kitu. Kumbe kuna ncha mbili ndani yake ambazo KUZIMA ndiko kunaziunganisha: waya wa kurudi na waya wa spidi ndogo. Ncha hizo zikiliwa, spidi zote zitapiga, kupaki hakuna. Kwenye magari mengi daraja hilo linapitia pia kwenye rilei ya vipindi, kwenye mguu wake wa kupumzikia. Rilei ikiungua mguu huo, dalili ni zile zile. Nimekutana na mteja aliyebadilisha mota nzima kumbe ni rilei ya ukubwa wa kiberiti.

Kuna kipimo cha haraka. Bledi zikiwa katikati na switchi ya gari imefunguliwa, peleka mkono wa usukani taratibu sana kutoka spidi ndogo kuelekea kuzima, na uuchezeshe kidogo pale mwisho. Waipa zikishtuka na kujipeleka chini zenyewe, swichi ndiyo mgonjwa.

#25 Dereva wa Usiku
Wakuu za kwangu zilikuwa tofauti kidogo. Mvua kubwa, zinapiga muda mrefu, ghafla zinasimama. Nasubiri pembeni, baada ya muda zinaamka zenyewe. Fyuzi nzima. Ni nini hiyo?

#26 Ampia Tano
Ndani ya mota nyingi kuna kikatizi cha joto, kipande cha metali mbili zilizobanwa pamoja. Mota ikipata joto kupita kiasi kinajikunja na kukata umeme. Ikipoa kinanyooka, mota inaamka. Kwa hiyo mota inajiokoa. Tafuta kinachoichosha: bushi za fito zinazounganisha mota na mikono ya waipa zimekauka, bledi zimekuwa ngumu, au kaboni zimebaki vipande. Toa fito kwenye mota, uzisukume kwa mkono. Zikiwa nzito, mota haina hatia.

Na usiongeze fyuzi kubwa. Mota iliyokwama inavuta ampia nyingi mno, na fyuzi ndiyo inayosimama kati yake na waya kuungua nyuma ya dashibodi.

#27 Nondo
Au barafu. Kwenye baridi kali bledi zinaganda kwenye kioo, mtu anawasha bila kuangalia.

#28 Ampia Tano
Hilo nalo, na meno ya gia ya plastiki yanakatika hapo hapo. Utasikia mota inaunguruma, bledi hazisogei. Dalili hiyo inafanana na nati iliyolegea chini ya mkono wa waipa, kwa hiyo anza na nati.

#29 Njiwa Manga
Na mimi nisaidieni, si mbali na mada. Waipa ya nyuma inapiga mlango wa nyuma ukiwa wazi, ukifungwa inakufa. Maji ya nyuma pia hayatoki.

#30 Grisi Nyeusi
Dada, angalia ule mpira mweusi kama mkonga unaotoka kwenye bodi kuingia kwenye mlango, karibu na bawaba. Nyaya zote za nyuma zinapita humo na zinakunjwa kila mlango unapofunguliwa. Vuta mpira utoke, fuata waya mmoja mmoja kwa vidole. Utakuta uliokatika ndani ya ganda lake, kwa nje unaonekana mzima, ukiuvuta unarefuka kama mpira. Mara nyingi ni wa ethi ;)

#31 Njiwa Manga
Ahsante kaka. Na maji?

#32 Waya Mwekundu
Maji inategemea. Magari mengine yana pampu mbili kwenye tanki moja. Mengine yana pampu moja yenye midomo miwili: ikizunguka huku inapeleka maji mbele, ikizunguka kinyume inapeleka nyuma. Swichi inachofanya ni kugeuza moto na ethi kwenye nyaya mbili zile zile. Kwa hiyo kwenye aina hiyo, mbele ikitoa maji na nyuma isitoe, pampu inaweza kuwa nzima kabisa na mgeuko wa umeme ndio haufiki. Vua soketi ya pampu, mwenzako ashike swichi ya mbele kisha ya nyuma, uangalie kama alama ya volti inageuka kutoka chanya kwenda hasi.

Ikiwa inageuka na maji hayatoki, njoo kwenye bomba. Bomba la nyuma linapita kwenye mkonga ule ule. Likichomoka ndani ya mlango, maji yanamwagikia kwenye nyaya.

#33 Msomaji Kimya
Pampu ya kwangu ilikufa baada ya tanki kukaa tupu. Kuna uhusiano?

#34 Waya Mwekundu
Upo. Kamota kake ni kadogo, kazi yake ni kuzungusha pangaboi dogo la plastiki ndani ya maji, na maji yale ndiyo yanayoipoza na kulainisha sili yake, ule mpira unaozuia maji yasiingie kwenye mota. Ikizunguka kavu sili inaungua, maji yanaingia kwenye mota, kwisha habari. Tanki likiwa tupu usikalie swichi.

#35 Kifaru
Na watu waache sabuni ya kufulia kwenye tanki. Inaganda kwenye kichujio cha pampu na kwenye nozeli. Halafu wanakuja hapa kusema pampu imekufa.

#36 Nondo
Sabuni kidogo haina shida, ni maji ya chumvi ndiyo yanaziba nozeli. Sindano inatosha kuzibua.

#37 Fundi Kijana
Nimesoma uzi wote. Kipanga, gari ni la mwaka gani? Nauliza kwa sababu magari mapya mengi haya mambo ya sahani ya shaba hayana. Mota ina kompyuta ndogo ndani na kihisi cha sumaku kinachoijulisha iko wapi. Mota yenyewe inageuza mwelekeo kila bledi zinapofika mwisho, na mengine yana mota mbili, kila mkono na yake, hakuna fito za kuziunganisha. Swichi ya usukani inapeleka ujumbe tu, kwa waya mmoja mwembamba, kwa lugha ya LIN, mfumo wa vifaa vya gari kupeana ujumbe. Ukija na taa ya majaribio kwenye waya ule huoni kitu cha maana, na unaweza kuua kompyuta.

Hata kupaki kwake ni kwa programu. Kuna zinazobadilisha mahali pa kulala makusudi, kidogo juu, kidogo chini, ili mpira wa bledi usijikunje upande mmoja. Mteja anakuja analalamika waipa hazilali sawa. Nyingine ya nyuma inapiga yenyewe ukiweka rivasi wakati za mbele zinafanya kazi. Hakuna ubovu wowote.

#38 Bi Tochi
Kijana uko sahihi, ila ana nyaya tano, na moto, ethi na tatu za kawaida. Hilo ni la sahani.

#39 Fundi Kijana
Nyaya tano hazinitoshi dada. Nimeona mota yenye sahani inayoongozwa na boksi la kompyuta ya bodi badala ya swichi ya usukani. Rilei mbili ziko ndani ya boksi, moja ya kuwasha, moja ya kuchagua spidi. Sahani pale inafanya kazi ya kuijulisha kompyuta tu. Kompyuta isipopata taarifa kwamba bledi zimefika chini, kila programu inaamua lake: nyingine inaendelea kuzungusha, nyingine inakata pale pale. Ningeunganisha mashine ya kusoma makosa kwanza.

#40 Kipanga77
Gari ni la 2004, halina mashine kubwa ya kompyuta ninavyojua.

Nimerudia vipimo kama alivyoelekeza Waya Mwekundu, kwa balbu, soketi ikiwa mahali pake. Waya wa moto wa kupaki balbu inawaka kwa nguvu. Waya wa kurudi, bledi katikati: balbu haiwaki. Nikafikiri basi ni ndani ya mota. Lakini niliposukuma soketi kwa kidole upande mmoja, balbu iliwaka, na waipa zikashuka zenyewe zikalala! Nikiachia, zinarudia ugonjwa wake. Na ile ya Bi Tochi ya kuchezesha mkono wa usukani haijafanya kitu.

#41 Nondo
Si nilisema mota.

#42 Waya Mwekundu
Nondo, soketi si mota. Pini ya kurudi imelegea, ndiyo maana ukisukuma inagusa. Chomoa, angalia ndani kwa tochi: kuna moja kati ya zile tano ina rangi ya kahawia au kijani, au mdomo wake umepanuka. Ibane kwa sindano kutoka pembeni, safisha, basi.

#43 Bi Tochi
Au soketi imeshikiliwa na kifuniko kile kile kinachobeba vijiti vya sahani. Kwenye mota nyingi ni kipande kimoja cha plastiki. Ukisukuma soketi unasukuma na vijiti vyenyewe vikagusa shaba. Grisi ya miaka yote hiyo inakuwa ngumu kama nta, inavinyanyua vijiti kwa unywele tu. Mimi ningefungua kifuniko, nifute ile grisi ya zamani, nivikunje vijiti kidogo kuelekea sahani, nipake grisi mpya kwenye meno, juu ya shaba kidogo sana.

#44 Ampia Tano
Kuna kipimo cha kuwaamulia. Chomoa soketi bledi zikiwa katikati, pima ohmu (ukinzani) upande wa mota, kati ya pini ya moto wa kupaki na pini ya kurudi. Iwe karibu na sifuri. Ikiwa wazi, yaani njia imekatika, ni vijiti. Ikiwa sifuri na inabaki sifuri hata ukitikisa, ni pini ya soketi.

#45 Grisi Nyeusi
Akisukuma soketi anasukuma na mota nzima kwenye bodi. Bolti zile bado sijasikia kama amezifungua.

#46 Kipanga77
Nimepima alivyosema Ampia Tano. Inaonyesha sifuri, kisha inaruka inakuwa wazi, kisha sifuri tena, bila mimi kugusa kitu zaidi ya ncha za multimita. Kwa hiyo bado sijui ni mkono wangu hautulii au ni ndani. Nafungua kifuniko mwenyewe. Kuna la kuchunga?

#47 Bi Tochi
Toa fyuzi ya waipa kabla hujaingiza vidole karibu na fito, hata kama switchi ya gari imefungwa. Mota ile ina gia, haikuonei huruma. Kabla hujavua mikono ya waipa, bandika utepe kwenye kioo pale bledi zilipolala zikiwa zimepaki, ili urudishe kwenye meno yale yale. Ukirudisha wakati mota haijapaki, bledi zitalala mahali pasipo pake na zitapiga ukingo wa kioo. Weka picha ya sahani kabla hujaifuta.

#48 Njiwa Manga
Kaka Grisi Nyeusi, nimevuta ule mkonga. Nyaya mbili zimekatika: mweusi na wa bluu wenye mstari. Mweusi nimeuunga, waipa ya nyuma inapiga hata mlango ukifungwa. Wa bluu nikiuunga, maji ya nyuma bado hayatoki, lakini sasa nasikia pampu inalia nikivuta swichi, zamani ilikuwa kimya.

#49 Waya Mwekundu
Umeme umefika. Vua bomba pale kwenye nozeli ya nyuma, mtu avute swichi. Maji yakitoka kwenye bomba, zibua nozeli. Yasipotoka, rudi mpaka kwenye tanki uvue bomba la nyuma kwenye mdomo wa pampu, ujaribu tena hapo.